Nesi wa Boti Yenye Choo

Mwalo mzima, pale boti za kisiwani zinapotia nanga, tulimwita Nesi, na mpaka leo nikisikia mtu akiitwa hivyo hospitalini nageuka haraka kutafuta pa kujificha. Si kwamba alikuwa mkali. Wakali tuliwazoea. Shida ya Nesi ni kwamba alikuwa na sauti ya kuita watu walio ng'ambo, nadhani hata Waganda walimsikia, na kwa sauti hiyo alitamka maneno ambayo sisi wengine tunayanong'ona, tena nusunusu. Sisi tunasema "kujisaidia". Tunasema "natoka kidogo". Babu yangu alikuwa anasema anakwenda kuangalia migomba, na aliiangalia migomba maisha yake yote, akafa bila hata siku moja kwenda chooni. Nesi alisema mavi. Alisema mkojo. Aliyasema kama mtu anavyosema ndizi na maharage.

"Shikamoo, Nesi," utamwamkia, umevaa shati lako la Jumapili.

"Marahaba. Umepata choo leo?"

Hapo ni mlangoni mwa kanisa. Hapo umesimama na mchumba. Ukikaa kimya anauliza tena kwa sauti zaidi, akidhani hukusikia, na mchumba wako anaanza kusoma matangazo ya ndoa ukutani ambayo hayamhusu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga debe. Nilisimama mwaloni kisiwani nikiita abiria wa Bukoba, na sijisifu, lakini nikianza kuita sangara walikuwa wanapanda juu kusikiliza. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne, ndiyo maana mnaniona naandika. Nesi alikuwa amestaafu zahanati ya pale kisiwani. Watu walitegemea kiinua mgongo chake kitajenga nyumba ya vigae kwao Kishanda, Muleba. Yeye akakizamisha chote kwenye boti ya mbao ya kubeba abiria, akaniajiri mimi niite watu, na akamwajiri nahodha mmoja mpole sana, mtu wa maneno machache, ambaye nadhani hata samaki walimdharau.

Kuna jambo lazima niwaeleze kuhusu safari ile, ingawa naona haya. Boti ilitoka kisiwani jua likichomoza, ikafika Bukoba jua likiwa utosini, na upepo ukiwa mbaya ilifika jua limeshachoka. Mwanaume akibanwa alikwenda nyuma kwenye injini, akatupa mgongo, akaimba kidogo ili tusisikie, mambo yakaisha. Mwanamke hakuwa na nyuma ya kwendea. Kwa hiyo alianza kujiandaa tangu jana yake. Hanywi chai. Hanywi uji. Akipewa chungwa analiweka kikapuni. Walikuwa wanapanda boti wakiwa wakavu kama dagaa wa kuanikwa, wajawazito wamo, wenye sukari wamo, bibi zetu wamo, na Bukoba wakishuka walishuka wamebana magoti, nasi wanaume tukijifanya tunafunga kamba ambazo zilikwisha kufungwa.

Nesi ndiye aliyekuwa akiwatibu miaka yote ile. Mmoja wao, mjamzito wa miezi mingi, alianguka palepale bandarini Bukoba, mwili unachemka kwa homa ya mkojo. Nesi alimshika kichwa mpaka gari likaja. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Huyu hakuumwa mkojo," aliniambia tukirudi. "Ameumwa aibu. Na aibu haina sindano."

Kisha akasema lile ambalo alilisema tena na tena, kwa fundi, kwa nahodha, kwa paroko, kwa mbuzi wa watu: "Nataka mwanamke apande boti yangu akiwa amekunywa chai." Hakutaka kingine. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mimi nilidhani hivyo.

Tundu la choo la kumwaga ziwani fundi angelitoboa asubuhi moja. Nesi hakutaka hata kulisikia. Aliwahi kuhudumia hema la kipindupindu pale kisiwani, na alijua maji ya kunywa yanachotwa wapi: hapohapo boti zinapotia nanga. "Nikiwatoa kwenye kubana nikawatia kwenye kuhara, nitakuwa nimefanya nini?" Kwa hiyo lazima choo, na chini ya choo lazima tangi, na tangi likamwagwe nchi kavu.

Mnaweza kufikiri mtu wa namna hiyo hakuogopa kitu. Aliliogopa ziwa. Mwenye boti! Alikuwa hajui kuogelea, na kila tulipotoka mwaloni alifumba macho, akashika rozari, midomo ikitetemeka, mpaka kisiwa kiwe kidogo nyuma yetu. Ndipo anafumbua, anachomoa kwenye mkoba kahawa yake ya kutafuna iliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, anamgawia kila mtu punje mbili tatu, na anaanza kumwuliza jirani habari za tumbo. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kutoka, na alimwambia paroko mbele ya watoto wa komunio kwamba mahubiri marefu yanaharibu vibofu. Paroko akafupisha. Hilo tulimshukuru wote, ila kimoyomoyo.

Siku ya kutafuta tangi alinichukua kwenda naye madukani Bukoba. Ningejua, ningejitia homa.

"Karibu, mama," kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alisema. "Unatafuta tangi la maji?"

"La mavi."

Kulikuwa na mzee mmoja anachagua misumari. Akaiacha, akatoka nje.

"La... la maji taka, mama?"

"Mwanangu, nimesema la mavi. Na mkojo. Litakaa ndani ya boti, linarushwarushwa na mawimbi, limejaa. Haya, nionyeshe."

Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani nasoma bei za rangi. Alinivuta mkono. "Wewe Debe, njoo ushike hapa." Tukaanza kukagua. Pipa la chuma alilikataa: mkojo unakula chuma, alisema, unakula kama mchwa. Matangi meusi ya mviringo, yale ya kuvuna maji ya mvua, aliyapiga ngumi, akayazunguka, akayakataa pia. Yamesimama mno. Uzito ukiwa juu, boti inalewa. Alitaka kitu cha chini na kipana, cha plastiki nene isiyopitisha harufu, chenye kona za mviringo ili uchafu usipate pa kujificha. Tulizunguka mji mpaka soli za viatu vyangu zikawa karatasi. Hatimaye, kwenye duka la nyuma ya soko, tukakuta tangi bapa, jeupe, la kubebea maziwa, ambalo ukiliangalia kwenye mwanga unaona kilichomo.

"Hili," akasema Nesi.

"Nesi, hili linaonyesha," nikamwambia. Nilinong'ona.

"Ndiyo. Tutaona likikaribia kujaa."

"Abiria nao wataona."

"Si yao? Wasione mali yao kwa nini?"

Ukubwa wake nao ulitupa aibu ya peke yake. Kabla ya safari ile ya dukani, Nesi alitaka kujua mtu mzima anatoa kiasi gani toka kisiwani mpaka Bukoba. Angeweza kukisia. Hapana. Alinipa jagi mimi, akampa jagi nahodha, majagi ya plastiki yenye mistari ya kupimia, akatutuma nyuma ya banda la nyavu, akasimama pale karibu akituuliza kama tayari. Nahodha alikaa kule mpaka wavuvi wakaanza kumtafuta. Alirudi na jagi kavu na machozi machoni. Langu mimi lilitosha kuzima moto wa kichaka, nasema kweli, na hilo nalo nililionea haya.

Fundi wa kulifunga tangi alikuwa mjenzi wa boti wa siku nyingi, mtu wa mikono mizuri. Alilikalisha chini kabisa, juu ya mataruma, zile mbavu za boti, nyuma kidogo ya katikati ya boti, akalibana kwa mikanda na mbao ili lisicheze. Juu yake akajenga kijichumba cha mbao, ndani likakaa bakuli lenye kilango chini yake. Ukivuta mkono, kilango kinafunguka, kila kitu kinashuka moja kwa moja, hakuna bomba refu la kuziba. Pembeni bomba nene la kunyonyea, lenye kifuniko cha kukaza. Mpaka hapo hakuna aliyebishana. Ubishi ukaja kwenye kipumulio.

"Tundu la nini tena, Mama?" fundi aliuliza. "Si harufu itatoka?"

"Ndiyo itoke. Tangi linapumua. Lisipopumua linavimba."

"Kwetu," fundi akasema taratibu, akitafuta maneno, "kitu hiki unakifunika. Unakizika. Hukipi dirisha."

"Ng'ombe akivimba tumbo unamfanyaje?"

"Namtoboa, waitu," akajibu kwa heshima.

"Basi toboa."

Akatoboa, lakini kwa moyo mzito, na bomba la kupumulia akalileta fupi, likaishia ubavuni karibu na benchi za nyuma, kama mtu aliyelazimishwa kusalimu.

Kwa wiki za mwanzo choo kile kilikuwa kama picha ya mtakatifu: wote tunakijua, hakuna anayekigusa. Ubavu wa tangi ulionekana kutoka kwenye benchi, na kanga mbili zikaning'inizwa pale na akina mama wenyewe, kila mmoja akijifanya anaanika. Nesi alinitaka nipige debe, "Boti yenye choo! Boti yenye choo!" Nilijaribu. Mbele ya Mungu nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Boti yenye... nafasi!" Nesi akanitazama kama anayetaka kunipima homa.

Wanaume walikuwa wabaya zaidi. Mzee mmoja mchuuzi wa dagaa aliuliza mbele ya watu, "Sasa Nesi, mimi na wewe yetu yakutane humo ndani, halafu tutasalimianaje?" Boti ikacheka mpaka ikayumba.

"Ziwani yalikuwa hayakutani?" Nesi akamjibu. "Tena mlikuwa mnayanywa."

Kicheko kikakatika kama kamba. Lakini wanawake waliendelea kupanda wakavu. Nesi alikuwa anawaona, anawahesabia midomo iliyopasuka, na kila mmoja aliyekataa chai ya mwaloni alimwuma moyoni. Alizidi kusema kwa nguvu. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kubana. Hilo mimi nililiona, ila nani angemwambia?

Halafu ikaja siku ya mama mkwe wa nahodha.

Lazima mjue kwamba kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawakai benchi moja. Hawatazamani usoni. Akimwona njiani, mwanaume anaingia kwenye migomba ya watu mpaka mama apite. Sasa huyu mama alikuwa anakwenda Bukoba hospitalini, mzee, mguu unamsumbua, na boti ya siku ile ilikuwa moja tu, ya mkwewe. Tukamketisha mbele kabisa akiangalia mbele. Nahodha nyuma kabisa akiangalia nyuma inapowezekana. Mambo yalikuwa sawa. Lakini nahodha aliwaza lile bomba. Upepo ukigeuka, je? Harufu ya tangi la boti yake ikamfikie mama mkwe puani? Mtu mpole yule, mtu wa heshima, akachukua kitambaa cha kufutia injini, akaziba kipumulio. Akakisokomeza vizuri kwa bisibisi. Hakumwambia mtu.

Jua likapanda. Siku hiyo liliwaka kama lina deni na sisi. Tangi lilikuwa na yale ya safari zilizopita, maana wanaume walikwisha kukizoea choo. Nikaona ubavu wake umetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu, nikadhani ni macho yangu.

Katikati ya ziwa mama mkwe akasimama. Nesi ndiye aliyemshawishi. Alikuwa amemsogelea, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisema sikioni mwa mtu. Mama akatembea kati ya benchi ameshikwa mkono, macho chini, sote tukaangalia mawingu. Nahodha akageuza shingo mpaka nikaogopa itakatika. Mama akaingia. Mlango ukafungwa. Nesi akasimama nje, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

Tukasikia mkono wa bakuli ukivutwa. Kisha mlio. Siwezi kuuandika mlio ule. Kidato cha nne hakikunifundisha. Kisha kilio kifupi cha mtu mzima.

Nahodha alijua papo hapo: tangi limepumulia juu. Akaachia usukani, akapiga hatua moja, akasimama. Aende wapi? Mkwe wake yumo mle, katika hali ile. Hawezi kumkaribia, hawezi kumsaidia, hawezi hata kusema pole. Alikaa chini juu ya dumu la mafuta, akajifunika uso kwa kofia.

Ndipo Nesi alipofanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Alichukua ndoo, akachota maji ziwani, yeye mwoga wa ziwa, akainama ubavuni mpaka nikamshika gauni. Akajimwagia mwenyewe kichwani. Akachota tena, akaingia mle ndani nayo. Akachota ya tatu, ya nne. Kisha akatoka amemkumbatia yule mama, wote wawili wanatiririka maji, akapaza sauti ile yake:

"Wimbi! Jamani, mmeona wimbi lilivyotupiga?"

Ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa.

Yule mchuuzi wa dagaa alianza kufungua mdomo, na shangazi mmoja aliyeketi nyuma yake akamfinya mpaka akaufunga. Nikaona ni zamu yangu. "Nililiona!" nikasema. "Lilikuwa refu kama mnara wa kanisa!"

"Mimi pia nimeliona," shangazi akasema.

"Poleni kwa wimbi," akasema mchuuzi.

Boti nzima ikawapa pole kwa wimbi. Wakavuliwa vitenge, wakafunikwa vikavu, na Nesi akaketi na yule mama mpaka Bukoba, wamejifunika kanga moja. Hakuuliza mtu habari za tumbo. Kahawa yake ililowa mkobani.

Tulipofika, mama akapelekwa hospitali, nahodha akaja mbele ya Nesi na kile kitambaa mkononi. Nilisubiri radi. Nesi alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, maji bado yanamchuruzika, na hakumwangalia usoni.

"Si wewe," akamwambia. "Ni mimi. Nilikuletea tundu bila kukuuliza mkweo atakaa wapi."

Nahodha akaanza kulia. Mimi nikatazama boti.

"Nilikuwa naona aibu ni ujinga tu," Nesi akaendelea, kama anayejisemea. "Nikataka kuing'oa kama jino. Leo nimeiona usoni kwa mama wa watu. Ni ya kwake. Nani kanituma niing'oe?"

"Sasa tutafanyaje, Nesi?" nikauliza.

"Tutaijengea chumba."

Fundi akaitwa tena. Tangi likafunikwa kwa mbao pande zote, likaachwa kidirisha kidogo chenye kifuniko, cha kufunguliwa na nahodha peke yake. Mlango wa choo ukageuzwa ukaangalia injini, kwa hiyo ukiingia hakuna anayeona na injini inakusitiri na sauti. Kipumulio kikapandishwa kwa bomba jipya kufuata nguzo ya paa mpaka juu ya turubai, mdomo wake umekunjwa na kufungwa wavu ili wadudu wa ziwa wasiingie. Harufu ikachukuliwa na upepo, ikaenda huko kwa wasiotujua. Pale mwaloni upande wa Bukoba, juu mbali na maji, likachimbwa shimo la kumwagia, na Nesi mwenyewe alivaa glavu akapiga pampu ya mkono mara ya kwanza. Mkulima mmoja kutoka Kimwani alipita akaomba apewe kwa ajili ya kahawa yake. Nesi alimwambia angoje kwanza iwe udongo. Alirudi kuulizia kila wiki kama mtu aliyeposa.

Na mimi akanipa debe jipya. Hakunilazimisha tena kutaja choo. Nilisimama mwaloni alfajiri nikaita: "Kunyweni chai, tunaondoka! Akina mama, kunyweni chai!" Nadhani hakuna mpiga debe mwingine duniani anayewaambia abiria wakanywe chai wakati boti inaondoka. Mwanzoni walishangaa. Wakaelewa. Siku moja mjamzito mmoja akaagiza kikombe, akanywa, akaagiza cha pili. Nesi alikuwa amesimama kando, amegeuka pembeni, anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Kabla ya Krismasi mama muuza chai alikuwa ameongeza meko.

Miaka ikapita. Nesi akamwachia nahodha boti, akarudi kwao Kishanda kwenye kibanja chake cha migomba. Nilimsikia kwa salamu tu. Mwaka huu binti yake alinipigia simu kutoka Mwanza: mama amewekwa mpira wa mkojo, unatakiwa kubadilishwa hospitalini Bukoba, tarehe imepita, na hataki kwenda. Kanisani haendi. Watu wakija anajibu akiwa ndani. "Wewe atakusikiliza," akasema. Sijui nani alimdanganya.

Nilimkuta ameketi mlangoni, kanga imezidishwa miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amepungua. Sauti nayo ilikuwa imepungua. Nilisogea ili nimsikie, na yeye akasogea nyuma.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Kaa hapo. Hapohapo, usije karibu."

Nikakaa. Akaniuliza habari za nahodha, za boti, za injini. Tumbo langu hakuliuliza. Nilimwambia boti inakwenda kama ndege, inakimbizana na ndege za Bukoba na kuzishinda. Hakucheka. Niliona mfuko wa mkojo chini ya kanga, umening'inia kwenye kigoda, na nikaangalia pembeni upesi sana, na yeye akaniona nikiangalia pembeni.

"Wewe," akasema. "Unaongeza kila kitu. Leo usiongeze. Inanuka?"

Sikumbuki kama nimewahi kuulizwa swali gumu zaidi ya lile, na nimefanya mtihani wa hesabu. Nilitaka kusema hainuki hata kidogo, inanukia, inanukia kama maua ya kahawa.

"Inanuka, Nesi. Si sana. Mtu akikaa karibu atajua."

Kuku wakapita kati yetu.

"Binti yangu akija anasema hainuki," akasema. "Jirani anasema hainuki. Wanasema huku wamesimama pale mgombani." Akashika kiti, akainuka polepole. "Kama ni harufu ya karibu tu, naijua. Nimewauguza wengi. Ngoja niumwage, nibadili kanga, twende."

Tukatembea mpaka barabarani, yeye upande wa mfuko amebana mkono. Kwenye benchi ya duka palikuwa na wanawake watatu wanangoja basi la Bukoba. Wakampisha nafasi katikati. Nesi akaketi mwisho wa benchi.

"Nesi! Tumekukosa kanisani," mmoja akasema. "Ulikuwa unaumwa?"

"Kidogo."

"Unaumwa nini, mama?"

Nilitazama mawe ya barabarani. Niliyatazama vizuri sana. Nesi aliweka kiganja juu ya kanga, na nilipomwibia jicho nikaona ameinamisha shingo kama msichana.

"Kibofu," akasema. Kwa sauti ya kuungama. "Nimewekwa mpira."

Yule mwanamke hakusema pole. Alisogea mpaka bega lake likagusa la Nesi, akainamisha kichwa. "Mimi hunitoka nikikohoa," akasema. "Tangu uzazi wa mwisho. Sijamwambia mtu."

"Hata ukicheka?" Nesi akauliza.

"Hata nikicheka."

Wa pili naye akasogea. Wa tatu akavuta kikapu chake karibu, akaanza lake. Waliongea chini kiasi kwamba mimi, hatua chache tu kutoka pale, nilisikia maneno machache na yote nikajifanya sikuyasikia.

Basi likaja, likapiga honi. Hakuna aliyeinua kichwa. Kazi yangu yote maishani ni kupakia watu, nikaona haya kuwakatiza. Nikaenda dirishani kwa dereva, nikamwomba asubiri kidogo, akina mama hawajamaliza.